Mwanafunzi wa Ughaibuni si Msafiri, ni Mkaazi

 

Ndugu msomaji, maswali mengi yanayoletwa kwetu huwa mafupi, na majibu yake yamo vitabuni. Lakini yapo maswali ambayo muulizaji huuliza jambo moja ilhali moyoni anauguza jingine. Swali la namna hiyo lilinifikia Kidatu, baada ya sala ya Ijumaa, kwa mkono wa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kukata miwa. Alisubiri mpaka watu wakapungua msikitini, akatoa simu yake mfukoni, akasema: "Shehe, mwanangu ana suala kwako. Mimi macho yangu yamechoka, hebu nisomee."

Kijana huyo alizaliwa na kusomeshwa Kidatu. Alipata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam, akafanya kazi ya utafiti wa malaria Ifakara, kisha akapata ufadhili wa masomo ya uzamivu katika sayansi ya tiba mjini Basel, Uswisi. Baada ya salamu aliandika hivi: "Shehe, nimetimiza miezi minne huku, na nimebakiwa na zaidi ya miaka mitatu. Je, niendelee kupunguza sala kama msafiri?" Chini yake ulikuwepo mstari mmoja mfupi, nami nilikwisha kuusoma kwa sauti kabla sijatambua uzito wake: "Nafikiria kurudi."

Mzee alinyamaza. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe atarudi daktari wa elimu.

Jibu la mstari wa kwanza ni jepesi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wanayoyafuata wengi wetu katika Afrika Mashariki, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa msafiri. Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa yanataja siku kumi na tano. Wapo wanazuoni wenye kauli pana zaidi, wala sikusudii kufungua hapa mlango wa ubishi. Mtu aliyepanga chumba na kunuia kukaa miaka mitatu, kwa mujibu wa Shafii, ni mkaazi, na sala yake ni rakaa nne.

Lakini nilipozungumza na kijana huyo kwa simu usiku ule, nilitambua kwamba si sala tu aliyokuwa akiipunguza. Begi lake kubwa lilikuwa bado chini ya kitanda, nusu ya nguo zimo ndani. Saa yake ya mkononi aliiacha katika majira ya Tanzania. Hakuwa akijua jina la jirani hata mmoja. Alikuwa akiishi Basel kama abiria anayelinda mzigo wake stesheni. Nikamwambia kwamba jibu la mstari wake wa pili limo ndani ya jibu la mstari wa kwanza. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa mwezi wa nne, na jembe hajalishika.

Hali hii si ya kijana mmoja. Kila mwaka vijana wetu huondoka kwenda kusomea shahada za juu za tiba na afya, wengine Muhimbili, wengine Moshi, wengine London, Liverpool au Glasgow. Kwa kijana wa Kidatu, hata Dar es Salaam ni ugenini. Ndiyo maana nimeona niyaandike yale tuliyozungumza, huenda yakamfaa mwingine.

Njia iliyokwisha kukanyagwa

Kwanza nilimkumbusha kwamba yeye hakuwa wa kwanza kuipita njia ile. Mwaka 1949 mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Profesa Rudolf Geigy, mwasisi wa Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi, alifika Ifakara. Hapo palikuwa na hospitali ya wamisionari Wakapuchini wa Uswisi. Katikati ya miaka ya 1950 alianzisha maabara ndogo, na miongoni mwa waliomshughulisha ni papasi, wale wadudu wa nyumba za udongo wanaoeneza homa. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa kituo cha utafiti chini ya usimamizi wa Watanzania katika miaka ya 1990, na mwaka 2008 ikaitwa Taasisi ya Afya ya Ifakara.

Wanasayansi wetu nao walisafiri kuelekea upande wa pili. Dk. Andrew Kitua, aliyeongoza kituo cha Ifakara na baadaye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alipata uzamivu wake Basel. Dk. Salim Abdulla, ambaye pia aliwahi kuiongoza taasisi ya Ifakara, alisoma huko huko. Hao nao walikuwa na siku yao ya kwanza katika mji ule, na baridi yao ya kwanza.

Na matunda yake tumeyaona kwa macho yetu. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wenyeji wa bonde hilo bado wanalikumbuka jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Hesabu kama hiyo haipatikani kwa kukisia. Inahitaji mtu aliyekaa darasani akajifunza namna ya kuwahesabu walio hai na waliokufa pasi na kudanganyika. Mtu huyo, akirudi nyumbani kabla ya wakati, anarudi na pengo ambalo si lake peke yake.

Adabu ya kuuliza

Shida yake ya kwanza haikuwa baridi. Ilikuwa ni ukimya. Kila wiki wanafunzi na walimu hukaa pamoja, mmoja akaeleza kazi yake na wengine wakamhoji. Kijana wetu alikaa miezi minne bila ya kufungua kinywa. Sisi tuliosoma madrasa twamwelewa. Tulifundishwa kwa kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema, kilichomo katika Suratul Kahf, kwamba mwanafunzi husubiri mpaka mwalimu amfunulie. Mwenye haraka ya kuuliza hufarikiana na mwalimu wake.

Huko alikokwenda, ukimya haufasiriwi kuwa ni heshima. Hudhaniwa kwamba mwanafunzi hakuelewa, au hana la kuongeza. Profesa humtaka mwanafunzi amwite kwa jina lake la kwanza na ampinge hadharani pale anapoona kosa. Kijana alisema: "Shehe, ulimi wangu unakuwa mzito. Nitampingaje mtu wa umri wa baba yangu?"

Nilimjibu kwamba madrasa ina mlango wa pili ambao huenda hatukumfungulia. Imamu Abu Hanifa alikuwa akizitandaza mas-ala mbele ya wanafunzi wake, nao wakijadiliana naye. Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan walikhitilafiana naye katika mas-ala mengi, na khitilafu hizo zimehifadhiwa vitabuni pamoja na kauli zake. Hakuna aliyewaita watovu wa adabu. Adabu imo katika namna ya kusema na katika nia ya kuitafuta haki. Basi nilimshauri aanze na jambo dogo: katika kila kikao aandae swali moja kabla ya kuingia, aliandike, na aliulize mapema kabla hofu haijamkaa kooni.

Jambo jingine lililomuumiza ni rasimu yake kurudishwa imejaa alama na maswali. Alidhani amefeli. Nikamwuliza kama analikumbuka jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyotoka Colombia, lililofanyika Idete, si mbali na Ifakara. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionesha kinga ya takriban asilimia 31 kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Watu wakafurahi. Majaribio ya nchi nyingine hayakuthibitisha hayo, na utafiti uliofuata bondeni humo kwa watoto wachanga haukuonesha kinga. Watafiti waliyaandika yote mawili, la furaha na la huzuni. Miaka mingi baadaye, baada ya majaribio ambayo Bagamoyo nayo ilishiriki, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya RTS,S mwaka 2021 na ya R21 mwaka 2023. Elimu hii huenda kwa kusahihishwa. Rasimu isiyo na alama ni ile ambayo hakuna aliyeisoma.

Isnadi na tadlisi

Liko kosa ambalo vijana wetu huliingia bila ya kukusudia, nalo linaweza kumfukuzisha mtu chuo. Tumezoea kuhifadhi. Anayekariri maneno ya kitabu kama yalivyo husifiwa. Lakini katika uandishi wa kitaaluma, ukiyachukua maneno ya mtu ukayaweka katika kazi yako pasi na kumtaja, huo ni wizi.

Mwanafunzi wa madrasa angepaswa kulielewa jambo hili kuliko wote. Elimu ya hadithi imesimama juu ya isnadi: nani amepokea kwa nani, na nani alisikia kwa sikio lake. Mpokezi aliyeficha wasita wake, akaifanya habari ionekane kana kwamba ameipokea moja kwa moja, wanazuoni walimwita mudallisi, na wakaitilia shaka riwaya yake hata kama yeye mwenyewe si mwongo. Basi kutaja marejeo ni isnadi, na kuyaficha ni tadlisi. Kijana alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule, akasema laiti angalielezwa hivyo siku ya kwanza, asingalipoteza wiki tatu kulielewa somo hilo.

Posho na paa la nyumbani

Hapa ndipo palipokuwa na kidonda chenyewe. Nyumbani walikuwa wakiezeka nyumba upya, na mdogo wake alikuwa akidaiwa ada. Kila mwezi alituma karibu nusu ya posho yake. Iliyobaki haikutosha kodi, bima ya afya na chakula. Alikuwa akila mkate na chai, akiona haya kusema. Baba naye hakujua. Kwa hesabu ya Kidatu, fedha za Uswisi ni nyingi mno.

Ndugu msomaji, posho ya mwanafunzi hukadiriwa kwa maisha ya mahali anapoishi, wala si mshahara wa kuinua ukoo. Uswisi bima ya afya ni lazima kwa kila mkaazi, na mgeni hutakiwa kujiandikisha kwa mamlaka za mji ndani ya siku 14 tangu kuwasili. Kodi ya chumba haingoji. Kumsaidia mzazi ni wajibu mtukufu, lakini nafsi nayo ina haki yake, na amana ya masomo ina haki yake. Ushauri wangu kwa wanaoondoka ni huu: kabla ya kupanda ndege, keti na wazazi wako, uwaandikie katika karatasi mapato na matumizi, na muafikiane kiasi kidogo kinachotumwa, au kwamba hakitatumwa kitu mwaka wa kwanza. Na kwa wazazi: mwulize mwanao amekula nini kabla ya kumwuliza ametuma nini.

Baridi, giza na jirani

Kidatu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, mapema kidogo au baadaye kidogo. Basel mwezi wa Desemba jua hutoka baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Juni huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Kwa Mwislamu, hali hii huigeuza siku yake yote. Katika majira ya baridi Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hukusanyika ndani ya saa chache za kazi, na Ramadhani ilipoangukia Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2016, funga ilizidi saa 17. Mwanafunzi azijue nyakati mapema, awaeleze wasimamizi wake wa maabara kwa lugha nyepesi, na aombe mahali pa dakika kumi. Aghalabu hupewa. Asichokieleza hakuna atakayekikisia.

Yapo pia mambo madogo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha. Katika nyumba nyingi za kupanga za Uswisi, chumba cha kufulia ni cha wote na hutumiwa kwa zamu iliyoandikwa. Jumapili ni siku ya utulivu, na kelele ya kugongomea misumari humfanya jirani abishe hodi. Taka za nyumbani hutiwa katika mifuko maalumu yenye kulipiwa. Masomo ya uzamivu huweza kuwa kwa Kiingereza, lakini dukani na kwenye ngazi watu husema Kijerumani cha Basel. Mgeni anayejua maneno hamsini tu ya lugha hiyo hupokewa tofauti na asiyejua hata moja. Sisi wenyewe tunajua jinsi tunavyomfurahia mtafiti wa Kizungu anayesema "shikamoo, mama" bondeni, hata kama matamshi yake yanachekesha.

Na giza la nje likiingia moyoni, lisifichwe. Kijana huyu alikuwa halali usiku, hana hamu ya chakula, na hasomi ukurasa ukamwingia akilini. Alidhani ni udhaifu wa imani. Huzuni iliyopitiliza hivyo ni maradhi, na aliyebobea katika sayansi ya tiba hapaswi kuona haya kumwendea tabibu. Vyuo vingi vina washauri kwa ajili hiyo. Dua na dawa havigombani.

Kujifunza upya bila ya kujipoteza

Swali lake la mwisho lilikuwa zito kuliko yote: "Nikiwa kama wao, nitabaki nani?"

Nilimjibu kwa mfano wa Imamu Shafii mwenyewe. Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akakulia Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akaenda Iraki na kukaa na Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, ambaye njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwishoni alihamia Misri, akafia huko mwaka 204. Alipofika Misri aliyatazama upya aliyoyasema Iraki, akayaacha baadhi yake. Ndiyo sababu vitabu vyetu hutaja kauli kongwe na kauli mpya. Hakuna anayesema kwamba Shafii wa Misri si Shafii. Mji mpya ulimwongezea elimu, wala haukumpunguzia nafsi yake.

Tena wengi wa wanafunzi hawa hurejea bondeni kukusanya takwimu, na hapo hugundua kwamba nyumbani nako pamekuwa mji mpya. Tangu mwaka 1996 wahojaji wa Ifakara wamekuwa wakizipitia kaya za Kilombero na Ulanga kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Mama aliye shambani kwake katika msimu wa mpunga, akiwinga ndege, humwona kijana aliyemjua utotoni amekuja na karatasi ya kumwomba idhini na kichupa cha damu. Huyo asipozungumza naye kama mtoto wa jirani, utafiti wote umekwisha pale. Aliyejifunza kuwa mgeni mwema Basel atajua pia kubisha hodi Idete.

Neno la mzee

Nilipomaliza, mzee aliomba simu. Sikutarajia aseme mengi. Akasema: "Mwanangu, mimi nilikuja Kidatu kutoka Tunduru kwa msimu mmoja wa miwa. Mwaka wa kwanza nililala juu ya mkeka, sikununua kitanda, kila siku nikisema kesho naondoka. Nilikonda. Siku niliyonunua kitanda ndiyo siku niliyoanza kupata usingizi. Paa litangoja. Nunua kitanda."

Kidatu yenyewe, ndugu msomaji, ni mji wa waliokuja. Kiwanda cha sukari, reli ya TAZARA na bwawa la umeme la Mto Ruaha Mkuu, lililoanza kuzalisha mwaka 1975, vilivuta watu kutoka kila pembe ya nchi, na watoto wao leo hawajui kwao kwingine. Mzee alikuwa na jibu hilo miaka yote, na mwanawe hakuwahi kumwuliza.

Wiki mbili baadaye kijana alituma ujumbe mfupi. Begi amelifungua na kulipandisha juu ya kabati. Amemwona tabibu. Amejiandikisha katika darasa la Kijerumani la jioni. Katika kikao cha wiki ameuliza swali moja, na profesa akajibu kwamba hilo bado halina jibu, basi alitafute yeye. Sala anaziswali rakaa nne.

Bado ana miaka mitatu mbele yake, na hatujui itakavyokuwa. Tunamwombea yeye na wenziwe Mola awazidishie elimu yenye manufaa, na awarejeshe salama kwa wanaowangoja.